Kiti cha Baiskeli, Msamba na Safari Ndefu

Mchuuzi wa samaki anayeondoka Lundo kabla ya mapambazuko huanza safari yake kwa ukaguzi. Hubonyeza magurudumu kwa kidole gumba, hujaribu breki, huvuta mpira uliofunga tenga la dagaa kwenye keria ili aone kama umekaza. Kiti hukipiga kofi moja la kuondoa umande, basi. Miongoni mwa sehemu zote za chombo hicho, ile itakayobeba mwili wake kwa saa nyingi kuliko nyingine zote ndiyo isiyochunguzwa. Na ikimwumiza, maumivu hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama jasho.

Mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma ni mahali ambapo baiskeli bado ina kazi nzito. Lundo, Liuli na Mbamba Bay ziko chini, kando ya ziwa ambalo uso wake ni takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya kahawa ya Wamatengo na mji wa Mbinga viko juu milimani. Samaki hupanda, maharage na mahindi hushuka, na kati ya mwambao na milima kuna miteremko inayochosha magoti na mikono. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, sasa ni ya lami. Magari ni mengi kuliko zamani na pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya abiria, lakini mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezungukia kaya, mwanafunzi wa sekondari, mvuvi anayepeleka mbasa sokoni na mgonjwa anayerudi kwenye kliniki yake ya kila mwezi wangali wanapanda baiskeli, kwa kuwa haidai petroli.

Watu hao wote hukutana na tatizo moja ambalo ni nadra kutajwa katika chumba cha uchunguzi. Mwanamume hushuka baiskeli na kuhisi kwamba sehemu zake za siri zimekufa ganzi. Hutikisa miguu, husubiri, hisia hurudi, naye hanyamazi kwa sababu amepona bali kwa sababu hajui amweleze nani. Mwanamke huona mkojo ukimchoma baada ya safari ya siku nzima, au huota kijipu mahali asipoweza kumwonyesha mtu. Wengi huhitimisha kwamba baiskeli ni adui wa uzazi, na wapo wanaoiuza. Wengine huendelea kuipanda, huku wakinunua kwa siri mizizi ya kurudisha nguvu. Aghalabu tiba ya kwanza ilikuwa spana namba 14 na dakika kumi.

Mwili hukalia nini

Mtu akiketi juu ya benchi gumu na kuingiza viganja vyake chini ya makalio, atapapasa vinundu viwili vya mfupa, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo vichwa vya chini vya nyonga, na maumbile yameviandaa kubeba uzito wa kiwiliwili. Vimefunikwa na ngozi nene na tishu inayostahimili mgandamizo. Kiti chema cha baiskeli ni kile kinachovipokea vinundu hivyo viwili na kuviachia vibebe mzigo wote.

Katikati yake, kuanzia kwenye njia ya haja kubwa hadi kwenye viungo vya uzazi, ndipo penye msamba. Hapo hakuna mfupa wa kukalia. Kuna neva inayoitwa pudenda, inayotoka chini ya uti wa mgongo, ikapita katika mfereji mwembamba upande wa ndani wa nyonga na kusambaa kwenye uume au kinembe, mashavu ya uke, na misuli inayozuia mkojo na haja kubwa. Sambamba nayo hupita ateri zinazopeleka damu kwenye viungo hivyo, pamoja na mrija wa mkojo. Kila kitu kilicho hapo ni laini, na kila kitu kinaweza kubanwa dhidi ya mfupa wa kinena ikiwa kiti kitapeleka uzito katikati badala ya pembeni. Ganzi ni kilio cha neva iliyobanwa. Mguu ukikaliwa vibaya hulala, nao huamka. Neva ya msamba hufanya vivyo hivyo, ila ikilazwa kila siku kwa miaka, kuamka kwake huwa kwa taabu.

Ukubwa wa tatizo umepimwa mahali pengine. Mwaka 1997 watafiti wa Norway walichapisha taarifa ya washiriki wa mbio za baiskeli za ridhaa za kilomita 540. Kati ya wanaume waliojibu, asilimia 22 walipata dalili za kubanwa kwa neva za msamba, nyingi zikiwa ganzi ya uume, na asilimia 13 walishindwa kusimamisha uume baada ya mbio.  Kwa baadhi yao hali hiyo ilizidi wiki moja, na kwa watatu ilizidi mwezi. Hao walikuwa wapanda baiskeli wa burudani, wenye baiskeli nyepesi na nguo maalumu. Tenga la dagaa hawakulibeba.

Hata hivyo, hofu nayo ina kipimo chake. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha wanaume wapanda baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, ukaona kwamba uwezo wao wa tendo la ndoa na hali yao ya mkojo havikuwa vibaya kuliko vya wenzao. Kilichowazidi ni kusinyaa kwa mrija wa mkojo. Utafiti huohuo uliona mambo mawili ambayo fundi yeyote wa Mbamba Bay anaweza kuyatumia leo: wale waliosimama juu ya pedeli kwa zaidi ya moja ya tano ya safari walipata ganzi kwa uchache, na wale ambao usukani wao ulikuwa sawa na kiti au juu ya kiti walipata ganzi na vidonda kwa uchache kuliko walioinamia usukani ulio chini.

Ulaini unaodanganya

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Dukani mteja hubonyeza kiti kwa kidole, na kile kinachozama zaidi ndicho hukichagua. Nyumbani, kiti kikianza kuuma, huongeza sponji na kuifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu. Kwa safari ya kwenda gengeni na kurudi, ulaini huo unapendeza kweli. Kwa safari ya saa tatu, mambo hugeuka.

Sponji laini haina nguvu ya kubeba vinundu vya mfupa. Huzama chini yake, na inapozama pembeni huvimba katikati, kama godoro la zamani linavyomwinua mtu aliyelala kati ya wawili wazito. Uvimbe huo wa katikati hukandamiza msamba, yaani palepale palipotakiwa kuachwa huru. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walipima oksijeni katika uume wa wanaume waliokuwa wakiendesha baiskeli juu ya viti vya aina mbalimbali. Kiti chembamba chenye sponji nyingi kilishusha oksijeni kwa takriban asilimia 82. Kiti kipana, chenye sponji ya wastani na kisicho na pua, kilishusha kwa takriban asilimia 20. Kwa maneno mengine, upana ulilinda kuliko ulaini, na matokeo hayo yanapaswa kubandikwa katika kila duka la vipuri.

Viti vya ngozi vilivyokuja Afrika Mashariki na baiskeli za Kiingereza vilikuwa na hekima hiyo. Kampuni ya Brooks ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1866, ilitandaza ngozi nene kati ya ncha mbili za chuma kama kitanda cha kamba, na kwa matumizi ngozi ililegea taratibu chini ya mifupa ya mwenye baiskeli hadi ikachukua umbo lake. Mzee mwenye Raleigh ya zamani hakupenda kuiazimisha, na alikuwa na sababu ya kimaumbile: kiti kilikuwa kimeshamjua. Viti vingi vya leo kwenye baiskeli za Kihindi na Kichina ni bamba la chuma au plastiki, juu yake sponji, juu yake ngozi ya bandia. Vikiwa vipya vinafaa. Sponji ikishabonyea na kupasuka, mpandaji anakalia bamba, na mara nyingi ukingo wa bamba.

Springi ni jambo jingine. Kwa baiskeli nzito inayopandwa wima, springi mbili za nyuma hupunguza mshtuko unaopanda hadi kwenye uti wa mgongo, na katika barabara za vumbi za mwambao ni neema. Lakini zitazamwe. Springi ya upande mmoja ikivunjika au kulegea, kiti huinama, nyonga huinama nacho, na mpandaji ataanza kuuma kiuno upande mmoja bila kujua chanzo. Mhudumu wa afya anayempa dawa ya maumivu ya mgongo mtu wa namna hii angefanya vyema kutoka nje kwanza na kuitazama baiskeli iliyoegeshwa chini ya mwembe.

Kupima kwa katoni

Upana wa kiti hauchaguliwi kwa kutazama ukubwa wa makalio. Mtu mnene anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na mwembamba akawa na iliyoachana. Nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana zaidi, ingawa tofauti kati ya mtu na mtu huzidi tofauti kati ya jinsia. Njia ya kupima haina gharama. Huchukuliwa kipande cha katoni yenye mikunjo ndani, kama ile ya sabuni au biskuti, na kuwekwa juu ya benchi gumu au ngazi ya saruji. Mpimwaji huketi juu yake akiwa amevaa nguo nyepesi, huweka miguu juu ya tofali ili magoti yapande kidogo, huinama mbele kiasi kile anachoinama akiwa barabarani, kisha hutulia kwa dakika moja. Akiinuka, katoni itakuwa na mabonde mawili. Umbali kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine ndio upana wa mifupa yake.

Kiti kinapaswa kuwa kipana kuliko kipimo hicho, ili mifupa isikae kwenye kingo. Kwa anayeinama sana mbele, nyongeza ya sentimita 2 hutosha. Kwa anayekaa wima kwenye baiskeli ya mizigo, nyongeza ya sentimita 4 au zaidi kidogo ni bora, kwa kuwa aliyekaa wima hutua juu ya sehemu ya nyuma ya mifupa iliyoachana zaidi. Upana ukipita hapo, kingo za kiti huanza kusugua ndani ya mapaja kila pedeli inapozunguka, na safari ya Mbinga huishia kwa michubuko.

Baada ya upana, iangaliwe pua ya kiti. Hii ndiyo sehemu inayobana msamba, na ndiyo pia inayomsaidia mpandaji kuongoza baiskeli kwa mapaja. Nchini Marekani, taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilishughulikia malalamiko ya polisi wa doria za baiskeli, watu wanaokaa juu ya kiti siku nzima kama mchuuzi. Polisi 90 walipewa viti visivyo na pua kwa miezi sita. Kabla ya hapo ni asilimia 27 tu walioripoti kwamba hawakupata ganzi. Baada ya miezi sita walifika asilimia 82. Viti vya aina hiyo ni nadra kupatikana Songea, sembuse Lundo, na kwa baiskeli iliyobeba kilo nyingi nyuma, kukosa pua kunaweza kupunguza uthabiti. Kilicho karibu zaidi ni kiti chenye pua fupi na iliyochongoka kwa ulaini, au chenye mfereji au uwazi katikati. Uwazi huo usaidie kweli: ukiwa na kingo kali hukata pembeni yake. Mnunuzi aupitishe mkono kabla ya kulipa.

Kiti kizuri kikikaa vibaya

Kiti kibaya kilichofungwa vyema mara nyingi kina nafuu kuliko kiti kizuri kilichofungwa ovyo. Hii ni habari njema kwa asiye na fedha ya kununua kingine.

Urefu ndio wa kwanza. Baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, mpandaji huketi, huweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu wake unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Akirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kulia na kushoto zikifuata pedeli, na msamba husuguliwa juu ya pua kama nguo juu ya ubao wa kufulia. Kikiwa chini mno, miguu haibebi chochote, uzito wote huangukia kiti, na magoti hulalamika. Baiskeli nyingi za mwambao zina viti vilivyo chini mno, kwa sababu baba, mama na mtoto wa darasa la saba huitumia moja, na kiti hubaki kwenye urefu wa aliye mfupi. Alama ndogo ya rangi au mkwaruzo kwenye bomba la kiti, moja kwa kila mtumiaji, humaliza ugomvi huo.

Mwinamo ni wa pili, na ndio wenye madhara makubwa zaidi. Pua iliyoelekea juu, hata kidogo, hugeuka kabari. Chanzo chake cha kawaida ni nati ya kishikizo iliyolegea: mpandaji hukaa nyuma, kiti huzunguka juu ya bomba lake, pua hupanda, na kwa kuwa jambo hilo hutokea polepole, mwenyewe hulizoea. Fundi mwashi ana pima maji. Likilazwa juu ya kiti kutoka nyuma hadi puani, kipovu kikae katikati au kionyeshe kwamba pua imeshuka kidogo sana. Ikishuka mno, mpandaji huteleza mbele na kujizuia kwa viganja, na ganzi huhama kutoka msambani hadi kwenye vidole vya mkono. Asiye na pima maji atumie chupa ya maji iliyojaa nusu.

Usukani ndio wa tatu. Kwa kuwa baiskeli za kawaida hapa zina usukani wa juu, wapandaji wengi wamehifadhika bila kujua. Wanaoinamia ni vijana walionunua baiskeli za milimani au za mbio, zile za mitumba zinazotoka Ulaya na Japani, wakaupandisha urefu wa kiti na kuuacha usukani chini. Kwa wanawake jambo hili limechunguzwa mahususi: mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliona kwamba usukani ulio chini ya kiti uliongeza mgandamizo msambani na kupunguza hisia katika viungo vya uzazi.

Mlima na lami

Kuna jambo la ajabu katika njia ya kutoka ziwani. Mlima ambao mchuuzi anaulaani ndio unaomlinda. Akiwa na mzigo mzito hawezi kupanda kwa kukanyaga. Hushuka na kusukuma, na kwa muda huo wote damu hurudi msambani. Hatari iko kwenye sehemu tambarare na ndefu, na zaidi kwenye lami. Barabara mbovu humlazimisha mtu kuinuka juu ya pedeli kila anapofika kwenye shimo. Lami humwachia akae. Imepunguza mishtuko, jambo zuri kwa mgongo, lakini imeongeza dakika za kukaa bila kuinuka.

Kwa hiyo msafiri wa mbali anahitaji kujitengenezea mashimo yake mwenyewe. Kila baada ya dakika kumi hivi, asimame juu ya pedeli kwa nusu dakika, hasa kwenye mteremko ambapo pedeli hazihitaji kuzungushwa. Mwenye mzigo mrefu unaoyumba, asiyeweza kusimama salama, ashuke na kutembea hatua mia moja kila baada ya nusu saa. Waandaaji wa misafara mirefu, kama ule wa Twende Butiama unaotoka Dar es Salaam hadi kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000, wanajua kwamba katika siku za mwanzo ni makalio yanayorudisha watu nyuma kuliko mapafu. Anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo asiende na kiti kipya. Kiti kizoewe kwa wiki kadhaa za safari fupi, na mwili nao uzoee. Uchungu wa mifupa ya kukalia katika wiki ya kwanza ni wa kawaida na huisha. Ganzi si ya kawaida hata siku ya kwanza.

Ngozi na nguo

Vidonda vya kiti huanza kama vipele kwenye mizizi ya vinyweleo, mahali penye jasho, joto na msuguano. Joto la mwambao wa Nyasa husaidia sana kuvianzisha. Mshono mnene wa suruali ya jinzi unaopita katikati ya msamba ni adui mkubwa kuliko kiti chenyewe. Bukta laini isiyo na mshono katikati, au kaptula ya waendesha baiskeli yenye kitambaa cha kukinga ivaliwayo bila nguo ya ndani, hufaa zaidi. Mwanamke anayejifunga khanga au kitenge avae chini yake kaptula laini inayofunika mapaja. Mafuta mazito ya kupaka, kiasi kidogo, hupunguza msuguano. Baada ya safari, nguo zenye jasho zivuliwe mara moja, sehemu hizo zioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida na kukaushwa. Kunyoa nywele za sehemu hizo siku moja kabla ya safari ndefu huongeza vipele. Wanawake wapanda baiskeli huripoti maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi, hivyo wanywe maji ya kutosha na wakojoe mara wafikapo.

Kipele kikigeuka jipu, dawa ni kupumzisha mahali hapo. Asiyeweza kuacha kazi walau abadilishe kiti au urefu wake ili mgandamizo uhame. Jipu lisikamuliwe nyumbani. Likiwa kubwa, likiambatana na homa, au mgonjwa akiwa na kisukari, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Swali moja katika chumba cha uchunguzi

Mhudumu wa afya anaweza kufupisha mateso ya miaka kwa kuuliza: „Unasafiri kwa nini, na kwa saa ngapi kwa siku?" Mwanamume wa mwambao hatasema mwenyewe kwamba uume wake hauhisi. Ataeleza kiuno, au uchovu, au ataomba kipimo cha malaria. Akiulizwa kwa heshima, faraghani, na ikiwezekana na mhudumu wa jinsia yake, ataeleza. Mama naye atazungumza kwa urahisi zaidi na muuguzi mwanamke. Maneno yawe ya adabu, lakini yawe wazi, „ganzi sehemu za mbele unapokuwa kwenye baiskeli" yanaeleweka na hayamvunjii mtu heshima.

Ganzi inayoisha ndani ya dakika chache baada ya kushuka ni onyo la kurekebisha kiti. Inayodumu zaidi ya siku moja, au inayorudi hata kwa safari fupi, inadai baiskeli iachwe kwa wiki kadhaa na mgonjwa achunguzwe. Maumivu ya neva pudenda yana tabia yake: huzidi mtu akikaa, hupungua akisimama au akikaa chooni.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo linaua. Kiti cha baiskeli kisibebeshwe lawama ya kila upungufu wa nguvu za kiume. Mishipa midogo ya uume huathirika mapema na shinikizo la damu, kisukari na tumbaku, wakati mwingine kabla moyo haujatoa dalili yoyote. Mwanamume mwenye umri wa miaka 45 anayesema kwamba baiskeli imemharibu apimwe shinikizo la damu na sukari kabla hajaambiwa auze baiskeli. Ikiwa tatizo limedumu ingawa amekaa mwezi mzima bila kupanda, kuna sababu nyingine inayotafutwa. Na akishagunduliwa kuwa na kisukari, ataihitaji baiskeli hiyo kuliko mwanzo, kwa maana mazoezi ni sehemu ya tiba yake.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani yanaweza kuwa korodani imejisokota, na ili iokolewe upasuaji unatakiwa ndani ya takriban saa sita. Aliyeangukia bomba la fremu kwa msamba, akaona damu kwenye tundu la mkojo au akashindwa kukojoa, asiingizwe mpira wa mkojo kituoni. Mrija wake unaweza kuwa umechanika, na mpira utaumalizia. Apewe rufaa haraka. Na yule anayepoteza hisia katika eneo lote linalogusa kiti, pande zote mbili, pamoja na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hana tatizo la kiti, hata kama alikuwa juu ya baiskeli dalili zilipoanza. Madaktari huita hali hiyo ganzi ya kiti cha farasi, kwa kuwa inafuata umbo la tandiko, lakini chanzo chake ni neva zilizobanwa chini ya uti wa mgongo, na kila saa inayopotea hupunguza uwezekano wa kupona. Wagonjwa hawa kutoka mwambao hupokewa kwanza Mbamba Bay au katika Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Anna huko Liuli, na wengine husafirishwa mbali zaidi, hadi Peramiho au Songea. Wasisafirishwe kwenye keria.

Kwa aliyejifungua na kushonwa msamba, baiskeli ingoje mpaka jeraha lipone na mwenyewe aweze kuketi kwenye benchi gumu bila maumivu, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume au wa bawasiri aulize daktari wake kabla ya kupanda.

Anayerudi baada ya ganzi kupona aanze kwa safari za robo saa, kiti kikiwa kimepimwa upya, na aongeze kidogo kila wiki. Nati ya kiti kipya hulegea katika siku za mwanzo, kwa kuwa chuma bado hakijakaa. Ikazwe tena siku ya pili, na pima maji lilazwe juu yake mara nyingine.